Moto Ulale Nje, Mdogo Wangu

Barua ya leo imetoka Bukima, na aliyeiandika ni mama kijana. Nimeifupisha kidogo, maneno ni yake:

“Dada, shikamoo. Nina watoto wawili, mdogo ana miezi mitano. Mwezi ujao tunakwenda makambi, siku saba, na tutalala kwenye hema dogo la zipu alilonunua mume wangu mnadani. Usiku kunakuwa na baridi na mtoto wangu kifua kinamsumbua. Nimepanga kuingiza jiko la mkaa likishashika vizuri na moshi kwisha, pamoja na mshumaa mmoja wa kumnyonyeshea usiku. Mama mkwe amekataa katakata. Mume wangu yeye anasema kule visiwani kwenye dagaa wanalala na jiko miaka yote na hakuna aliyekufa. Nimsikilize nani?”

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu mwezi ujao hauko mbali. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: msikilize mama mkwe. Jiko lisiingie hemani, liwe na moshi au lisiwe nao. Na mshumaa ubaki nje.

Sasa vuta kigoda tuongee.

Hayo makambi ya Wasabato nayajua, maana nimekulia humo. Wasabato walianza Upare mwaka 1903, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamekwishafika huku kwetu Majita, kwa hiyo makambi ni mambo ya tangu mabibi zetu. Familia inafunga nyumba, inabeba unga wa muhogo, dagaa, sufuria, magodoro na watoto. Mahema yanabanana, kamba ya hema lako imefungwa karibu na kigingi cha jirani. Mchana ni nyimbo na mahubiri. Usiku ukiingia, kila mama anahesabu blanketi na kujiuliza kama zitatosha. Hofu yako naielewa kabisa, na ni hofu ya mama mwema. Ila dawa uliyoichagua ndiyo inayoua.

Nikusimulie kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, tuko msibani, na mvua ilinyesha tangu magharibi. Wanawake na watoto tulilala chini ya turubai lililoshushwa pande zote na kukandamizwa kwa mawe ili maji yasiingie. Shangazi yangu akaingiza jiko la mkaa, limewaka jekundu, halina hata uzi wa moshi. Tulimshukuru sana, tukalala usingizi mzito.

Alfajiri niliamka kichwa kinagonga kama kinu, miguu haina nguvu. Binamu yangu alitapika palepale mkekani. Mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema ni chakula cha msiba. Bibi akaja, akasimama mlangoni. Hakusikia harufu yoyote, ila macho yake yalitua kwenye jiko. Hakuuliza swali. Alipandisha turubai upande mmoja, akapandisha na wa pili, akaanza kutuburuta nje mmoja mmoja mpaka kwenye umande. Tulikaa pale tukihema, na taratibu vichwa vikaanza kutulia. Siku ile hakuna aliyemeza dawa ya malaria.

Kilichotupata kina jina: kaboni monoksaidi. Ni hewa inayotoka kwenye mkaa, kuni, mafuta ya taa au gesi inapowaka pasipo hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ukiivuta inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile unachokihitaji ili uishi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mwili unalegea, halafu unakuja usingizi. Huo usingizi ndio mtego. Aliyelala hajui kwamba kichwa kinamuuma, na hawezi kuamka akafungue mlango. Mtoto wako wa miezi mitano anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo hewa hiyo itamfikia mapema kabla hujaona dalili yoyote kwako.

Ndiyo maana ile hesabu ya “moshi umekwisha” inadanganya. Moshi ulikuwa unakuwasha macho na kukufukuza. Ukiisha, mkaa mwekundu unabaki unatoa hewa ileile ya kuua, kimyakimya, na hata makaa yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa kwa muda mrefu. Usidanganyike kwamba jiko “limelala” ukalirudisha ndani asubuhi lisilowe.

Utaniuliza: nikiacha zipu wazi kidogo je? Hema dogo halina paa la bati lenye mianya wala dirisha juu ya ukuta, na upenyo wa zipu hautoshi. Halafu fikiria saa tisa ya usiku, baridi inaingia kwenye upenyo huohuo. Mkono wako mwenyewe, ukiwa nusu usingizini, ndio utakaoifunga. Jiko dogo la gesi nalo ni mambo yaleyale, tena na mtungi pembeni.

Kuhusu shemeji, mumeo: mwambie namheshimu, na usibishane naye mbele ya watu. Anasema kweli kuhusu alichokiona. Ila kibanda cha kambi ya wavuvi, cha nyasi na turubai lililochanika, kinapitisha upepo kila upande. Hema la zipu limeshonwa ili upepo usipite. Tena wanaolala humo ni watu wazima, na mara nyingi mchana, maana usiku wa giza wako majini. Halafu mkumbushe karabai, ile taa ya kuvulia dagaa. Anajua jinsi inavyoweza kulipuka moto mtu akikosea akaijaza petroli badala ya mafuta ya taa, au akaijaza ikiwa bado ya moto. Wavuvi wengi wa dagaa siku hizi wameiacha karabai, wanatumia taa za betri na sola. Ikiwa wavuvi kazini, kwenye mtumbwi uliozungukwa na maji, wameona heri kuuacha moto, kwa nini yeye aupeleke alipolala mwanawe?

Tuje kwenye mshumaa. Najua unavyoonekana mdogo: umesimama kwenye mfuniko wa kopo, ulimi wa moto si mrefu kuliko kidole. Chukua kipande cha neti kuukuu, ukisogeze karibu na moto huo, nje ya nyumba, uangalie. Nyuzi haziungui na kuwa majivu kama karatasi. Zinajikunja, zinayeyuka, zinabaki vitonge vigumu vyeusi ukingoni mwa tundu. Sasa hema la dukani kwa kawaida ni nailoni au poliesta, jamaa ya plastiki. Likishika moto linayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, yanayoganda kwenye ngozi ya aliye chini yake. Hema dogo linaweza kuteketea kabla hujamaliza kumtoa mtoto kwenye blanketi. Na wewe utakuwa unanyonyesha umesinzia, mkubwa anageuka usingizini, mguu wake unagusa mfuniko wa kopo. Basi.

Mshumaa mmoja tunaujua katika nchi hii. Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, liliteketea usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Chanzo kilichoelezwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Lile lilikuwa jengo lenye kuta. Wewe unazungumzia kitambaa.

Na mahema yaliyobanana yana hatari yake pia. Tarehe 15 Aprili 1997, huko Mina, Saudi Arabia, moto uliotokana na jiko la gesi uliingia kwenye mji wa mahema ya mahujaji. Upepo ulikuwa mkali. Yaliungua mahema yapatayo 70,000, watu 343 wakafariki, na zaidi ya 1,500 wakajeruhiwa. Baada ya hapo wenyeji wakajenga mahema ya kitambaa kisichoshika moto, na wakakataza mahujaji kupika kwa gesi humo ndani. Yaani hata nchi yenye uwezo mkubwa wa fedha iliona kitambaa kizuri peke yake hakitoshi, lazima moto wenyewe utoke hemani. Sisi ambao kitambaa hicho hatuna, tunaweza lile la pili bila kutoa hata shilingi.

Sasa baridi. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, mdogo wangu, kwa sababu hata wanaojua hatari ya jiko hukosea hapa. Baridi inayomnyima mtoto usingizi hemani sehemu kubwa inatoka chini. Ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, na jiko halisaidii kitu kwenye udongo ulio chini ya mgongo wake. Kabla ya kusimamisha hema, tandazeni nyasi kavu za kutosha, juu yake turubai. Ndani weka maboksi yaliyofunguliwa, kisha mkeka, kisha godoro. Ukiwa na blanketi mbili, moja iwe chini yenu.

Mtoto mvalishe nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, soksi na kofia. Akiwa macho na ameona baridi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike kitenge na blanketi mpaka apate joto. Ukisikia usingizi unakuzidi, mlaze chali pembeni yako, uso wake uwe wazi. Jioni chemsha maji hukohuko nje, jaza chupa ngumu isiyovuja, izungushie khanga mbili, uipitishe kwenye matandiko yake ili yapate joto, kisha uitoe kabla hujamlaza. Wewe mwenyewe kula ushibe, kunywa uji wa moto kabla ya kulala. Mama mwenye joto ndiye jiko la mtoto.

Na kifua chake usikipeleke makambini kikiwa hivyo. Mpeleke zahanati kabla ya safari. Akipumua haraka kuliko kawaida, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usisubiri hata siku ya kufunga makambi.

Taa: kitaa kidogo cha sola kikianikwa juani mchana kinatosha kunyonyeshea. Kama hakipo, tochi au mwanga wa simu. Mbu waachie neti, ichomekwe chini ya godoro. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni kaa la moto, haina nafasi hemani.

Jiko lenyewe lina kazi yake, na kazi hiyo ni nje, mbali na mahema yote. Mpe shemeji heshima ya kuchagua mahali, maana upepo anaujua kuliko mimi na wewe. Anajua kwamba mchana mara nyingi unatoka ziwani na usiku unageuka, unatoka nchi kavu. Jiko lililokuwa upande mzuri saa kumi jioni linaweza kuwa linarushia mahema cheche usiku wa manane. Kwa hiyo kabla ya kulala makaa yamwagiwe maji mpaka yaache kuchemka, si kufunikwa tu. Mvua ikinyesha mkiwa mnapika, msilisogeze jiko mlangoni pa hema. Mfunike chakula, msubiri. Na wamama mkishauriana na wazee wa kambi, ombeni sehemu moja ya kupikia kwa wote, ndoo za maji na mchanga, na njia ya kupita kati ya mahema.

Ndani ya hema, mizigo isizibe mlango. Zipu ijaribuni kuifungua gizani kabla ya usiku wa kwanza. Wembe au kisu kidogo kiwe kwenye mfuko wa juu wa hema, watoto wasipofika, ili ikibidi mpasue kitambaa mtoke. Hema likishika moto, toeni watu, vitu viacheni viungue. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini ajiviringishe, au mfunikeni blanketi zito. Palipoungua pamwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, ila mtoto mdogo usimloweshe mwili mzima akashikwa na baridi. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai. Halafu hospitali. Namba ya Zimamoto ni 114, haina malipo. Piga, lakini ujue kwamba gari lina safari mpaka likufikie, na dakika za kwanza ni zenu.

Na ukikuta watu waliolala na jiko wameamka na vichwa vizito, fanya kama bibi yangu: watoe nje kwanza, maswali baadaye. Kisha wapelekwe zahanati, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba walilala na mkaa, asije akatafuta malaria peke yake.

Mama mkwe mpelekee salamu zangu, na umshukuru kwa sauti, asikie. Amekataa kwa sababu anataka wajukuu warudi wote.

Usiku wa kwanza wa makambi, kabla hujafunga zipu, toka uende mpaka lilipo jiko lako. Weka kiganja juu yake. Likiwa la baridi, rudi, chomeka neti, mlaze mwanao, mlale.

Dada yako.