Fardhi Kifaya ya Hewa Tunayoivuta



Wapo wanaosema: "Rwanda ni nchi ndogo na moshi wetu ni kidogo, wenye viwanda vikubwa ndio wapunguze." Ni kweli, wao wana deni kubwa zaidi. Lakini madhara hayachagui. Joto likipanda kwa nyuzi 1, hewa huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji, na mvua ikinyesha huwa kali zaidi. Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi yetu.

Nchi ndogo pia ina la kufanya. Tarehe 15 Oktoba 2016, karibu mataifa 200 yalikubaliana hapa Kigali kupunguza gesi za HFC za majokofu na viyoyozi, ambazo huongeza joto kuliko hewa ya kaboni.

Katika fiqhi, fardhi kifaya isipotekelezwa na yeyote, wote huingia dhambini. Jambo hili tulipime hivyo, kila mtu kwa uwezo wake: twende darasani kwa miguu au kwa basi, tupunguze mkaa, tupande miti siku ya umuganda, na jokofu likiharibika tumpe fundi asiyeachia gesi hewani. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, kukinai ni Sunna.

Wallahu a'lam.