SOMO LA UFUNDI: KUTIA GESI NA KUFUNGA BIA YA NYUMBANI KATIKA CHUPA

Utengenezaji wa pombe ni kazi ya zamani katika vijiji vyetu, na fedha zake zimesomesha watoto wengi. Lakini mwanachama anayetoka kwenye pipa na kibuyu na kuingia katika kufunga bia ndani ya chupa, huyo ameanza kazi nyingine kabisa. Pipa lina mdomo wazi. Kosa likifanyika, gesi hutoka na kwenda zake. Chupa imezibwa, kosa likifanyika, gesi hubaki humo ikingoja, na chupa ikishindwa kuibeba hupasuka. Vipande vya kioo vinavyoruka kwa nguvu hiyo vinaweza kulipofua jicho la mtoto aliyepita karibu na stoo.

Somo hili limekusudiwa kwa makatibu, kamati na wanachama wa vikundi vinavyoanza. Yafaa lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya chupa ya kwanza kuzibwa. Linahusu bia ya kimea iliyochemshwa na kuchachushwa kwa hamira. Halihusu hata kidogo ukenekaji wa gongo, ambao ni jambo jingine lenye sheria zake.

1. Gesi hutoka wapi?

Hamira ni kiumbe hai kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Chakula chake ni sukari. Inapokula sukari hutoa vitu viwili: kileo, na gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayoleta povu juu ya pipa, na ndiyo inayochomachoma ulimi wa mtu anywapo bia ya chupa.

Mbege ya Kilimanjaro, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na rubisi ya Kagera, inayotengenezwa kwa maji ya ndizi mbivu na mtama, hunywewa zingali zinachacha. Huo ndio uzuri wake, na kwa sababu hiyo hiyo hazifai kuzibwa ndani ya chupa. Bia ya chupa haina budi kumaliza kuchacha kwanza. Baada ya hapo huongezwa sukari kidogo iliyopimwa, ili hamira iliyosalia itoe gesi ya kiasi kinachojulikana. Neno la kukumbuka ni hili: pombe inayochacha haizibwi.

2. Hesabu ya gesi

Katibu asiiogope hesabu hii, maana ni nyepesi kuliko ile ya malipo ya kahawa. Bia ya kawaida ya chupa hubeba kiasi cha lita 2 na nusu za gesi katika kila lita moja ya bia. Gesi hiyo, chumba kikiwa na joto la kawaida, husukuma kuta za chupa kwa nguvu isiyopungua ile ya upepo ndani ya tairi la gari dogo. Chupa nene ya bia imetengenezwa kuhimili nguvu hiyo na ziada fulani, lakini ziada hiyo ina mwisho.

Gesi iliyomo ndani ya chupa hutoka katika mafungu matatu:

(a) Gesi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya bia wakati wa kuchacha. Katika chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 25, hiyo ni kiasi cha lita 0.8 kwa kila lita ya bia.

(b) Gesi itokanayo na sukari inayoongezwa. Gramu 4 za sukari katika lita moja ya bia hutoa kiasi cha lita 1 ya gesi. Kwa anayeanza, kipimo chema ni gramu 6 kwa kila lita. Hizo hutoa lita 1.5, na pamoja na ile ya kwanza jumla ni lita 2.3.

(c) Gesi itokanayo na sukari ya kimea ambayo hamira haijaimaliza. Fungu hili ndilo adui, kwa sababu halionekani kwa macho.

3. Namna ya kumtambua adui

Chombo cha kazi hii ni haidromita, yaani kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na ule wa maji. Maji husoma 1.000. Bia yenye sukari nyingi ni nzito, nacho chombo husoma juu, mathalani 1.045. Kadiri sukari inavyoliwa, kipimo hushuka.

Kanuni ni kwamba kipimo kisome namba ile ile kwa siku tatu mfululizo kabla ya bia kufungwa. Kutulia kwa povu si ushahidi, kwani povu hutulia hata usiku wa baridi, na hamira huamka tena jua likiwaka. Kila alama mbili zilizobakia kushuka hutoa kiasi cha lita 1 ya gesi katika kila lita ya bia. Kikundi kisicho na haidromita kiinunue kabla ya kununua kizibo hata kimoja.

Na uchukuliwe mfano wa kikundi kilichoahidi kupeleka bia ya chupa kwenye arusi ya mwanachama, ambayo itafanyika baada ya majuma mawili. Siku ya Jumatatu kipimo kinasoma 1.016. Mwenyekiti anasema povu limekwisha na bia ifungwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa neno limekwisha kutolewa. Mtunza stoo anakataa, anadai ipimwe tena. Alhamisi inasoma 1.012. Jumatatu ya pili inasoma 1.010, na Jumanne na Jumatano inasoma hiyo hiyo 1.010.

Kama wangemsikiliza mwenyekiti, bia ingefungwa ikiwa na alama 6 za ziada, yaani lita 3 za gesi. Zikijumlishwa na zile 2.3, kila lita ya bia ingebeba lita 5.3, zaidi ya mara mbili ya kiasi cha kawaida. Chupa hizo zingepelekwa penye watu wengi, zikawekwa juani na kushikwa na vijana wa kugawa vinywaji.

Kikundi hicho kina njia ya kutunza heshima yake. Kimweleze mwenye arusi ukweli, kisha kimpelekee bia iliyokomaa katika pipa, bila gesi, kwa bei iliyopunguzwa. Hasara ya bei hurudi katika mauzo mengine. Jicho halirudi.

4. Chupa zifaazo

Chupa ziwe za bia, nene, za kurudishwa kiwandani, na zenye mdomo wa kuzibwa kwa kizibo cha bati. Kizibo hicho kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepewa hati ya ubunifu mwaka 1892, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Hubanwa kwa mashine ndogo ya mkono. Kizibo kilichokwisha kutumika kisirudiwe.

Zisitumike chupa nyembamba za kutupwa, chupa za pombe kali, wala chombo chochote kilichowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mimea. Kila chupa ishikwe mbele ya mwanga na kupapaswa mdomoni; yenye ufa au pengo itupwe. Katibu akumbuke pia kwamba chupa na kreti zenye nembo ya kiwanda huwa ni mali ya kiwanda hicho. Amana anayolipa mnunuzi ni dhamana tu ya kuzirudisha. Chama kinachokusudia kuuza kinunue chupa zake chenyewe, zisizo na jina la mtu.

Usafi ni nusu ya kazi. Chupa zioshwe kwa brashi, zisuuzwe, kisha zilowekwe kwa dakika 10 katika maji yenye jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, halafu zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Jiki isichanganywe kamwe na siki au asidi yoyote, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Maji yanayotokota yasimiminwe ndani ya chupa baridi, itapasuka.

5. Kazi yenyewe

Kwanza, bia ihamishwe kwa mpira safi kutoka kwenye pipa la kuchachia hadi kwenye ndoo safi, na mashapo yaachwe chini. Mpira usivutwe kwa mdomo. Ujazwe maji yaliyochemshwa kwanza, nayo yatavuta bia yenyewe. Ncha yake ikae chini ya ndoo ili bia isimwagike kwa kurukaruka, maana hewa ya nje huiharibu ladha.

Pili, lita zilizopatikana zipimwe. Kikundi kilichoanza na lita 20 huenda kikapata 19 baada ya kuacha mashapo, na sukari hupimwa kwa hizo 19: mara gramu 6, jumla gramu 114.

Tatu, sukari ipimwe kwa mizani, ichemshwe katika maji yasiyozidi nusu lita, ipozwe, kisha imiminwe ndani ya bia na kukorogwa polepole mpaka ienee sawasawa. Isitiwe kwa kijiko katika kila chupa. Chupa ya nusu lita huhitaji gramu 3 tu, nacho kijiko cha chai kilichofurika huweza kubeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Mkono mmoja wenye ukarimu watosha kuharibu kreti nzima.

Nne, chupa zijazwe hadi kubakia nafasi ya sentimita 2 au 3 chini ya mdomo, kisha zizibwe mara moja.

Tano, chupa moja kati ya zote iwe ya plastiki, ile ya soda yenye kifuniko cha kukaza, safi kama nyingine. Hiyo ndiyo shahidi wa kikundi. Siku ya kwanza ikiminywa huwa laini. Gesi ikijaa huwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo. Ikiwa ngumu mapema mno, baada ya siku mbili au tatu, hiyo ni dalili ya kuangaliwa kwa makini.

6. Kuhifadhi na kufungua

Chupa zikae wima ndani ya kreti au sanduku la mbao, zifunikwe kwa gunia zito, mahali penye giza, mbali na jiko na watoto, katika joto la nyuzi 20 hadi 25 kwa muda wa majuma mawili. Baada ya hapo chupa moja ipozwe na kufunguliwa na watu wawili. Bia njema hutoa sauti fupi na povu la kiasi. Povu likiruka nje ya chupa, nyingine zote zipozwe mara moja na mtu aliyevaa miwani ya kazi na glovu nene, kisha zifunguliwe moja moja zikiwa zimezungushiwa kitambaa, wala zisiuzwe.

7. Daftari na sheria

Kila mapishi yawe na ukurasa wake: tarehe, lita, vipimo vitatu vya haidromita, gramu za sukari, idadi ya chupa zilizofungwa, zilizopasuka na zilizofunguliwa. Mtu mmoja apime, mwingine asome, na wote wawili watie sahihi. Chupa zikipasuka, ukurasa huo ndio utakaoonyesha kosa lilipoanzia, badala ya wanachama kushutumiana.

Kutengeneza bia ya kujifunzia si sawa na kuiuza. Nchini Tanzania uuzaji wa vileo huhitaji leseni, na bidhaa ya chupa inayopelekwa sokoni huhusika na Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, pamoja na kodi. Kamati imwone Afisa Biashara wa Wilaya kabla ya kuchukua fedha ya mnunuzi wa kwanza.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Katika kazi hii subira ina kipimo chake: siku tatu, namba moja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mbege inayochacha haidhuru ndani ya kibuyu, lakini huleta hatari ndani ya chupa?
2. Kikundi kimepata lita 36 baada ya kuacha mashapo. Kinahitaji gramu ngapi za sukari? (Jibu: 216.)
3. Bia imesoma 1.014 leo, na mwishowe itatulia 1.010. Ikifungwa leo kwa gramu 6 za sukari kwa lita, kila lita ya bia itabeba lita ngapi za gesi? (Jibu: kiasi cha 4.3.)
4. Katika kikundi chenu, ni nani aliye na mamlaka ya kusema "isifungwe leo", na je, mwenyekiti atamsikiliza?