Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Bwana Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Biashara Street, nyumbani ni Kangemi. Juzi, nyuma ya City Market, paka mmoja aliyekuwa amezaa chini ya mbao aligongwa na gari, na watoto wake wakafa wote ila mmoja. Nilimtia katika boksi la viatu, nikapanda naye matatu. Macho hajafungua, na kitovu kilikuwa bado kinaning'inia. Nampa maziwa ya pakiti kwa kijiko kila anapolia, naye hulia usiku kucha. Sasa tumbo limevimba na kuwa gumu, choo hajapata tangu nimchukue, na leo alfajiri maziwa yalimtokea puani. Jirani mmoja ameniambia nimpe mafuta ya nyonyo, mwingine ameniambia nimsagie Panadol. Mke wangu asema nikiendelea kukesha hivi nitamshonea mteja suruali ya miguu mitatu. Je, nimpe dawa gani? Na akifa, dhambi ni yangu?

Fundi wa Kangemi

Ndugu Fundi,

Kwa kuwa gazeti lina siku zake za kutoka, na kipaka huyo hana siku za kungojea, nimekwisha kukupigia simu mchana huu na kukuambia yaliyo ya dharura. Haya ninayoyaandika kwa urefu ni kwa ajili yako ukitulia, na kwa ajili ya wengine ambao watafikwa na jambo hili hili wasijue pa kuuliza.

Mafuta ya nyonyo yarudishe kwa mwenyewe, na hiyo Panadol usiiingize hata chumbani alimo mnyama huyo. Dawa ambayo wewe na mimi twaimeza na chai kichwa kikituuma ni sumu kali kwa paka wa kila umri, kwa sababu ini la paka halikujaliwa uwezo wa kuivunja kama livunjavyo ini la mwanadamu, na ikisalia mwilini huiharibu damu hata ikashindwa kuchukua hewa. Kidonge kimoja chatosha kumwua paka dume aliyekomaa, sembuse kiumbe ambaye uzito wake wote aghalabu ni gramu 100 na kitu. Mafuta ya nyonyo nayo yatamwendesha mpaka akaukiwe, naye hana akiba ya maji ya kupoteza. Nia ya jirani zako ni njema, sina shaka; ushauri wao ndio mbovu.

Umeniuliza dawa ya tumbo, walakini kwa jinsi nilivyoielewa barua yako, maradhi haya hayakuanzia tumboni. Kitovu kinachoning'inia chanijulisha kwamba ulimwokota hajatimiza siku tano tangu kuzaliwa, na paka wa umri huo hawezi kujitia joto mwenyewe, bali hulipata kwa mama yake na kwa ndugu zake wanapolaliana. Nairobi imekaa juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliokuja huku kutoka pwani twaijua adhabu ya usiku wake, hasa upande wenu wa magharibi, ambako baridi ya alfajiri hupenya hata blanketi mbili; ndipo ulipomlaza yatima huyu peke yake katika boksi la viatu. Sasa, baridi ikimwingia mtoto wa paka, utumbo wake hulegea na kuacha kazi, na maziwa anayopewa hayaendi mbele, bali hukaa palepale yakachacha na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayolivimbisha tumbo. Kisha alipolia kwa baridi na maumivu, wewe ulidhani analia kwa njaa, ukamwongeza kijiko.

Kwa hiyo usianze na maziwa. Tia ncha ya kidole kinywani mwake: ukikuta ubaridi, asilishwe kitu chochote mpaka kinywa kiwe na uvuguvugu. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, uizungushie nguo nzito, uilaze upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto apate pa kutambaa kulikimbia. Pale anapolala pawe na joto la nyuzi 30 hivi katika wiki hii ya kwanza, nalo lipande polepole, kwa saa moja au zaidi. Usimsogeze kwenye jiko la makaa kwa kutaka haraka, maana ngozi yake huungua upesi, na hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa ni hatari kwake na kwenu nyote. Vile vipande vya flana vinavyobaki chini ya cherehani yako ni mali katika shughuli hii.

Jambo la pili, ambalo wengi wanaookota vipaka hawalijui mpaka maji yamekwisha kumwagika, ni kwamba mtoto wa paka hawezi kujisaidia kwa nguvu zake mwenyewe mpaka apate umri wa wiki tatu hivi. Mama yake ndiye humlamba chini ya mkia, na kulambwa huko ndiko kunakoamsha mkojo na choo. Asipolambwa, vyote viwili humkaa ndani. Ulimi huo sasa ni juu yako. Chukua pamba au kitambaa laini, kichovye katika maji ya uvuguvugu, ukikamue, kisha umlaze kipaka juu ya kiganja, umpanguse chini ya mkia kwa mapigo mafupi mafupi, mepesi, kwa muda wa dakika moja, na baina yake umsugue tumbo kwa kidole kimoja kwa kuzunguka. Kwanza utaona pamba inageuka manjano hafifu: huo ni mkojo, nao usikushangaze ukiwa mwingi, kwa kuwa huenda sehemu ya uvimbe ule ni kibofu kilichojaa tangu juzi. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, jua kwamba maji yamempungukia mwilini. Choo huja nyuma yake, pengine si kwa mara ya kwanza wala ya pili, na kilicho chema huwa cha manjano na laini kama dawa ya meno. Lifanye hilo kabla ya kila mlo na baada yake, usiku na mchana, hata kama waona hakuna kinachotoka, na unawe mikono kila mara.

Sasa nije kwenye maziwa. Maziwa ya ng'ombe yaliumbiwa ndama: protini yake haifiki nusu ya ile iliyomo katika maziwa ya paka, na sukari yake imezidi, hata tumbo la kipaka lisiweze kuimaliza. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vipaka. Uliza katika maduka ya dawa za mifugo na ya vyakula vya wanyama, mjini na Westlands, na uyachanganye kwa kipimo kilichoandikwa, maana yakiwa mazito mno humfunga choo, na yakiwa mepesi mno humwacha na njaa. Kijiko kiweke kando. Tumia sirinji ndogo isiyo na sindano, mwache akae kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, nawe udondoshe tone kwa tone. Usimlaze chali hata mara moja kama alazwavyo mtoto wa binadamu, kwani hivyo ndivyo maziwa yapitavyo njia ya pumzi, na yale yaliyomtokea puani alfajiri yalikuwa onyo. Mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake, na milo ifuatane kila baada ya saa mbili au tatu. Kwa kuwa tumbo limekwisha kuvimba, akishapata joto ruka mlo mmoja wa maziwa, umpe badala yake matone ya ORS ya uvuguvugu iliyochanganywa kama pakiti isemavyo; kisha maziwa yaliyozimuliwa nusu kwa nusu, kidogo kidogo, mpaka tumbo lilainike. Kila baada ya mlo mwinue wima umsugue mgongo acheue.

Wala usione haya kwamba maziwa yamekushinda. Hapa hapa Kenya, Daphne Sheldrick, ambaye mwaka 1977 aliasisi shirika la kulea ndovu yatima kwa kumbukumbu ya mumewe David, alihangaika miaka mingi na ndama wachanga wa ndovu waliokuwa wakiharisha na kufa mikononi mwake, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayawiani nao, mpaka alipogundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayowakubali. Sisi tuliokulia penye mbuzi na kifumbu tulifurahi tuliposikia habari hiyo. Hata hivyo usiharakishe kumkamulia kipaka wako tui, maana kilichomfaa ndovu hakikupimwa kwa paka. Lakini jua kwamba walezi wa ndovu wale huwafunika mablanketi na kulala nao usiku.

Choo kikishafunguka, huenda kikapita mpaka. Kikiwa chepesi cha manjano, umemlisha kupita kiasi, basi punguza. Kikiwa cha kijani, au cheupe chenye mabonge, hilo si jambo la nyumbani tena. Mpime kila asubuhi kwenye mizani ya gramu, hata ukiazima ya muuza viungo: aongezeke gramu 10 hivi kwa siku, na siku atakayopungua usiingoje ya pili yake.

Ama mkeo, nimeipenda sana ile suruali ya miguu mitatu, lakini nimeona jambo jingine. Umemwokota mnyama, ukampandisha matatu, ukamlaza nyumbani, na katika barua nzima sioni mahali ulipomwuliza mwenzako. Nadhani kinachomchukiza ni kuletewa mtoto mchanga bila ya shauri, hata kama mtoto huyo ana mkia. Mwombe radhi kwanza, umweleze kwamba shida hii ina mwisho, kwa maana katika wiki ya pili macho hufunguka na milo huanza kuachana, na kufika wiki ya nne ataanza kulamba chakula cha sahani. Ndipo, akipenda yeye, mgawane zamu za usiku.

Kuhusu dhambi, mimi si shekhe wala padri. Mwanamke yule anayesimuliwa katika Hadithi aliadhibiwa kwa kumfunga paka, asimlishe wala asimwache aende kujitafutia, na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo yamtazama mwenye kutesa. Sioni wewe unaingia wapi. Vipaka wasio na mama hufa kwa wingi hata mikononi mwa mabingwa, na sitakuficha kwamba wako aweza kufa. Ila alinyonya dang'a ya mama yake kabla hajagongwa, kama nisomavyo barua yako, na hiyo ni kinga asiyoweza kuipata tena kwako.

Narudia niliyokuambia kwa simu: asipopata choo usiku huu baada ya joto na pamba, au akipumua kwa sauti, au akikataa kunyonya, usipande matatu ya mjini kesho asubuhi. Panda ya kuelekea Uthiru, ufike kwa madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, ambapo kwako wewe wa Kangemi ni karibu kuliko KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoko Lang'ata. Mchukue ndani ya shati, kifuani, umvukie barabara taratibu, na mfukoni utie karatasi safi yenye ile pamba ya mwisho uliyompangusia, kwa sababu daktari atataka kuiona.