Mahindi Yenye Ukungu: Hukumu Yake Sokoni, Jikoni na Katika Zaka

 

Tumeulizwa katika darasa yetu: Mtu amevuna mahindi, mvua ikamnyeshea kabla hayajakauka, na sehemu yake ikafanya ukungu. Je, yafaa kuyauza kwa bei nafuu, au kuwapa maskini, au kuyatia katika zaka, ili asiingie katika israfu kwa kuyatupa?

Suala hili lamhusu kila mwenye nyumba kwetu Kitale na Bungoma. Ugali ndio chakula chetu, na mavuno ya Trans Nzoia huanza mwezi wa Oktoba, wakati ambapo mara nyingi mvua haijakatika. Basi tutajibu kwa urefu kidogo.

Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata majimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Zingatieni, ndugu zangu: yule mtu hakulaumiwa kwa mvua, kwani mvua ni kadari ya Mola. Alilaumiwa kwa kuificha. Basi mwenye kuweka mahindi mazuri mdomoni mwa gunia na mabovu chini, yeye ndiye mwenye rundo lile hasa.

Na leo twajua jambo linalozidisha uzito wa hadithi hii. Nafaka iliyorowa huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoingia kuvu. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2004, katika nchi ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 walipatikana wameugua na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Mwenye kula nyingi kwa mara moja huharibika ini na macho yakawa manjano. Na mwenye kula kidogo kidogo kwa miaka huhofiwa saratani ya ini.

Wala asijighururu mtu kwa baridi ya Kitale. Iko kuvu nyengine, Fusarium, nayo hushika magunzi yangali shambani katika nchi za unyevu kama yetu, na ina sumu yake iitwayo fumonisini.

Wengine husema, "Moto huua kila kitu." Haya si kweli. Maji huchemka kwa digrii 100, na huku kwetu milimani huchemka chini ya hapo. Ilhali sumukuvu haivunjiki sawasawa ila kwa moto wa zaidi ya digrii 200. Ugali ulioiva vizuri sana waweza kuwa na sumu ile ile iliyokuwamo katika unga. Na wengine husema, "Nikisoma Bismillahi hapana kitakachonidhuru." Bismillahi ni sunna na ina baraka, lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kukausha mahindi ndiko kumfunga ngamia.

Ama kuhusu zaka, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ametukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na maulamaa wa Kishafi wamesema kuwa zaka ya nafaka hutolewa ikiwa imekwisha kauka na kusafishwa, na gharama ya kuikausha ni juu ya mwenye mali, haikatwi katika haki ya maskini. Nisabu yake ni wasaki 5, nazo hukadiriwa kuwa kama kilo 653, yaani magunia 7 na kidogo ya kilo 90. Aliyelima kwa mvua hutoa fungu 1 katika 10. Basi atakayetoa fungu hilo kwa mahindi yenye ukungu hakutekeleza faradhi, na zaidi ya hayo amempelekea sumu mjane na yatima na mwanafunzi wa madrasa, ambao hula ugali mchana na jioni na hawana cha kubadilisha.

Wala kuyatupa si israfu, kwani chenye sumu si riziki ya kuhifadhiwa. Israfu ni kuyaacha mahindi mazuri yaoze kwa uvivu. Pia asiwape kuku wala ng'ombe, kwa kuwa kuku hufa, na sumu hupita katika maziwa wanayokunywa watoto. Ayafukie mbali na maji. Lakini yaliyorowa tu, yasiyoota ukungu, yafaa kuyauza kwa sharti ya kumwonyesha mnunuzi hali yake, na yakaushwe upesi.

Na sasa twaeleza njia ya kujilinda:

Kwanza, yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo, na kuyageuza mara kwa mara. Mvua ikizidi, ziko mashine za kukaushia katika maghala ya Bodi ya Nafaka.

Pili, kabla ya kuyatia ghalani, unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi katika chupa kavu ya kioo, thuluthi yake, pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, aitikise vizuri, aiache robo saa. Chumvi ikiganda kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, aongeze siku ya jua kwa kuhakikisha.

Tatu, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na wadudu wazuiliwe, kwani punje iliyotobolewa ndiyo mlango wa kuvu.

Nne, mama wa nyumba achambue katika ungo kabla ya kupika pure au kupeleka kinuni: atoe punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizogeuka rangi. Kukoboa hupunguza sumu, lakini hakuiondoi yote. Na njugu hali kadhalika.

Jueni pia kuwa sumu hii haionekani wala hainuki. Yaweza kuwamo katika punje yenye sura nzuri. Ndiyo maana kukausha mapema kwapita kuchagua baadaye.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kufunga gunia la kuuza au la zaka, atie mkono wake ndani mpaka chini kama alivyofanya Mtume (S.A.W.). Asiloridhia kupikiwa wanawe, asimpe mwenziwe.

Wabillahi taufiki.