Jinsi ya Kupima Hadithi ya Kutangulia

Wanafunzi wengi wakiulizwa habari za senema waliyoitazama hujibu kwa neno moja tu: nzuri, au mbaya. Jibu hilo halimsaidii mtu. Mtahini hataki kujua kama umependa. Ataka kujua umepima kwa kipimo gani. Katika somo hili tutajifunza kupima hadithi ya namna moja, nayo ni hadithi ya kutangulia.

Maana yake

Hadithi ya kutangulia hutungwa baadaye, lakini husimulia yaliyotokea kwanza. Watu wamekwisha kuzoea hadithi fulani. Kisha mtungaji arudi nyuma kuwaeleza mashujaa wake walitoka wapi.

Sisi wa Karatu tunao mfano karibu. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai, ndani ya Ngorongoro. Umri wake wapata miaka milioni 1.75. Mwaka 1978 wenzake katika kazi walifukua nyayo za Laetoli, kusini ya Olduvai, zilizopigwa katika majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Basi nyayo zilionekana baada ya fuvu, lakini habari zake ni za kale zaidi. Tena hazikuongeza habari tu. Zilitufanya tulitazame fuvu lenyewe kwa macho mengine, maana zilionyesha kwamba viumbe wa jamii yetu walitembea wima zamani sana kabla ya zana za mawe za Olduvai. Hadithi njema ya kutangulia hufanya kazi kama hiyo.

Senema tutakayoipima

Star Trek ni mfululizo wa hadithi za safari za angani ulioanza kuonyeshwa katika televisheni huko Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Wasafiri wake ni Nahodha Kirk, msaidizi wake Spock, na afisa wa mawasiliano, binti Mwafrika aitwaye Uhura. Mwaka 2009 ilitoka senema ya kumi na moja ya mfululizo huo, iliyoongozwa na J. J. Abrams. Hiyo yaeleza jinsi vijana hao walivyokutana, kabla hawajawa mabingwa. Tuipime kwa maswali manne.

Kwanza: Je, yapatana na hadithi ya zamani? Hapa watungaji walitumia werevu. Adui aitwaye Nero atoka wakati ujao, arudi nyuma, naye amwua baba yake Kirk siku ile ile Kirk anapozaliwa. Kuanzia hapo mambo yafuata njia mpya, na hadithi ya zamani yabaki katika njia yake. Spock mzee, aliyechezwa na Leonard Nimoy yule yule wa 1966, aja kuwa shahidi wa njia ya kwanza. Kwa swali hili senema yafaulu.

Pili: Je, hamu yabaki, ingawa mwisho twaujua? Yabaki. Kwa kuwa njia imebadilika, sayari ya Vulcan, nyumbani kwao Spock, yaangamizwa mbele ya macho yetu, na mama yake afa. Mtazamaji wa zamani hakulitazamia jambo hilo, na tangu hapo hana hakika tena na lolote.

Tatu: Je, twapata jipya juu ya watu tunaowajua? Kwa Spock, ndiyo. Baba yake ni wa Vulcan, na mama yake ni binadamu. Utotoni wenzake wamdhihaki kwa ajili ya mama huyo. Baadaye wazee wa chuo kikubwa wamkubali, lakini wamwambia kwamba amefaulu ingawa ana ila ya kuzaliwa na mwanadamu. Naye aikataa nafasi ile, aenda zake. Sasa twafahamu ule ukimya wake wa zamani umefunika nini.

Kwa Uhura, jibu ni nusu. Jina lake limetokana na neno letu uhuru, ambalo dunia ililisikia sana Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961. Irabu ya mwisho iligeuzwa ili jina lisikike la kike. Katika Kiswahili hakuna kanuni hiyo: Rehema ni mwanamke na Juma ni mwanamume, na wote huishia kwa a. Kwa miaka 43 jina lake la kwanza halikutajwa katika televisheni wala senema. Senema hii ndiyo iliyolitaja: ni Nyota. Aidha, yamwonyesha kuwa hodari wa lugha, na ujumbe alioudaka na kuufasiri wamsaidia Kirk kutambua mtego wa adui. Lakini baadaye kazi hiyo yapungua, naye aonekana zaidi kama mpenzi wa Spock. Msichana aliyepewa elimu na watungaji apewe pia nafasi ya kuitumia mpaka mwisho.

Nne: Je, yasimama kwa miguu yake? Mgeni asiyeijua hadithi ya zamani aweza kuifuata bila taabu. Lakini ziko sehemu zilizolegea. Kirk atupwa katika sayari ya barafu, na katika pango moja akutana na Spock mzee. Bahati hiyo ni kubwa mno. Tena aondoka chuoni akiwa mwanafunzi mwenye mashtaka ya udanganyifu, na hadithi haijaisha amekwisha kuwa nahodha. Cheo kilichopatikana upesi hivyo hakimfundishi kijana saburi ya kazi.

Hukumu

Senema hii ni njema katika swali la kwanza na la pili, ni nusu katika la tatu, na ina ufa katika la nne. Waweza kuikataa hukumu hii, lakini utoe ushahidi wako. Wazazi nao, watoto wanapotazama senema nyumbani, wasiulize tu imekwisha saa ngapi. Waulize: nani alitendewa haki, na wajuaje?

Mazoezi

1. Eleza kwa sentensi tatu jinsi nyayo za Laetoli zinavyofanana na hadithi ya kutangulia.
2. Spock alikataa nafasi ya chuo. Je, alitenda vema? Toa sababu mbili.
3. Chagua hadithi moja uliyosimuliwa na bibi au babu yako. Tunga ya kuitangulia, isiyozidi ukurasa mmoja, kisha mpe mwenzako aipime kwa maswali manne.