Njia ya Matope Katika Msitu wa Rubondo

Watoto wa Mwanza wameyazoea mawe makubwa ya ufuoni, na pengine hudhani ya kuwa Ziwa Viktoria lote limezungukwa na mawe kama yale. Lakini upande wa kusini-magharibi wa Ziwa kiko kisiwa cha Rubondo, na sehemu yake kubwa ni msitu mnene. Tangu mwaka 1977 kisiwa hiki ni Hifadhi ya Taifa.

Msafiri atokaye Mwanza huvuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, hupita Geita, kisha hupanda mashua. Ndivyo tulivyosafiri sisi, wakati wa masika.

Asubuhi tuliingia msituni, watu sita pamoja na askari wa hifadhi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Penye uwazi ardhi ilianza kukauka, lakini msituni matope yalitufika vifundoni, kwa kuwa majani ya miti mirefu hulizuia jua na upepo. Askari akasema, "Twendeni polepole, nanyi mtazame chini."

Mwenzetu mmoja alikuwa kijana mwenye haraka. Akaona kando njia nyingine, pana, iliyotoka ziwani. Akasema, "Mzee, hii ni bora," akaiingia. Askari akamshika mkono, akamwonyesha nyayo kubwa zenye vidole vinne.

"Hii ni njia ya kiboko," akasema. "Usiku hutoka majini kula majani. Mvua haikuziharibu nyayo hizi. Basi amepita baada ya mvua kwisha. Tena vidole vyaelekea msituni, wala hapana alama za kurudi. Kiboko yu nchi kavu bado, na akimkuta mtu kati yake na maji, humshambulia."

Tukarudi nyuma, tukakaa kimya penye miti minene. Haukupita muda mrefu, tukasikia vichaka vikivunjika, kisha kishindo cha maji. Kijana yule hakusema neno.

Tangu hapo sote tulisoma matope. Tuliona alama za kwato mbili ndefu zilizotanuka. Ni za nzohe, mnyama wa jamii ya pongo, ambaye kwato zake humsaidia asizame katika vinamasi. Mbele tukaona alama za vifundo vya vidole, kama mtu aliyegusa chini kwa ngumi. Askari akasema, "Sokwe amepita."

Sokwe hao wana habari yao. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliletwa kisiwani kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungwa. Hawakuuzoea msitu, iliwapasa kujifunza kutafuta chakula na kutengeneza viota vya kulalia. Walijifunza, wakazaa, na wazao wao wangali wakiishi Rubondo.

Jioni tulirudi tumechafuka mpaka magotini. Kijana yule alikuwa wa mwisho katika mstari, ameinamisha kichwa, akitazama kila alama. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai."

MASWALI
1. Kwa nini matope ya msituni hukawia kukauka?
2. Askari alijuaje ya kuwa kiboko hajarudi majini?
3. Kwato za nzohe zamfaa nini?