Niwaambie wenzangu wapunguze mwendo?

Swali: Sisi vijana wa Kadutu hushuka Kamanyola kwa pikipiki kila Jumapili. Kwenye kona za Ngomo wenzangu huyapita malori bila kuona mbele. Nikisema wataniita mwoga. Ninyamaze?

Jibu: Usinyamaze, ndugu yangu. Ngomo ni barabara nyembamba, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Lori likitokeza ghafla hakuna pa kukimbilia. Ukienda kilomita 60 kwa saa, unakata karibu mita 17 kila sekunde, na anayekuja naye anakata zake.

Ila usiwakemee njiani mbele ya wote. Kijana aliyeaibishwa huongeza mwendo. Mtafute yule anayeongoza msafara, mkiwa wawili tu, kabla ya kuondoka, umtajie kona yenyewe na lori lenyewe. Wengi wala hawapendi mbio, wanaogopa kuachwa. Kwa hiyo kubalianeni mahali pa kungojana, Nyangezi kwa mfano, wa polepole atangulie, na muachiane nafasi ya sekunde mbili, zaidi vumbi likitanda. Kofia zifungwe kidevuni, za abiria pia.

Wakikataa, Jumapili ijayo usiende nao, na uwaambie sababu waziwazi.